Blaise Pascal: Mwanahisabati wa Uwezekano na Shahidi wa Neema

Blaise Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 mjini Clermont, Ufaransa. Alifiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka mitatu, akalelewa na kufundishwa na baba yake, Étienne. Akiwa bado kijana alibuni mashine ya kukokotoa, ili kumpunguzia baba yake mzigo wa hesabu za kodi.

Mwaka 1654 alifikishiwa swali la wacheza kamari. Watu wawili wameweka sarafu 32 kila mmoja. Atakayetangulia kushinda michezo mitatu atazichukua zote 64. Wanaacha kucheza mmoja akiwa ameshinda miwili, mwenzake mmoja. Je, wagawane vipi kwa haki? Pascal alimwandikia Pierre de Fermat jibu lake. Anayeongoza akishinda mchezo unaofuata, atapata 64. Akishindwa, watakuwa sawa, naye atapata 32. Basi 32 ni zake kwa vyovyote, na 32 zilizobaki zigawanywe nusu kwa nusu. Apewe 48, mwenzake 16.

Barua hizo ziliweka msingi wa hisabati ya uwezekano. Hesabu ile yatufundisha mambo mawili: michezo iliyokwisha hubadili uwezekano wa kushinda shindano zima, lakini haibadili uwezekano wa mchezo unaofuata. Kwa hiyo anayepoteza fedha ya watoto wake katika kamari, akiamini kuwa kushindwa mara kumi kumemkaribisha na ushindi, anajidanganya.

Usiku wa tarehe 23 Novemba mwaka huohuo, Mungu alimgusa Pascal kwa namna ya pekee. Kumbukumbu ya usiku huo aliishona ndani ya koti lake, ikaonekana baada ya kifo chake. Baadaye alitumia hoja ya uwezekano kumwalika asiyeamini amtafute Mungu, huku akikiri kwamba imani yenyewe ni zawadi ya Mungu.

Mwaka 1662, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa, mtoto wa familia maskini aliyoihifadhi nyumbani mwake aliugua ndui. Kumhamisha mtoto kungemdhuru. Pascal akahama yeye, akaenda kwa dada yake Gilberte. Huko alifariki tarehe 19 Agosti, akiwa na miaka 39.

Ndugu mwamini, akili ni zawadi ya Mungu. Tuitumie kuepuka udanganyifu wa kamari, na tuyakabidhi maisha yetu kwa Kristo, tukiwahudumia maskini wake.