Henry Hudson, mwanamaji aliyepotelea katika maji yenye jina lake

Kaskazini ya Kanada kuna fasi bahari imeingia ndani sana ya inchi: ni Ghuba ya Hudson. Inapita kilometa za mraba milioni 1, karibu nusu ya inchi ya Kongo. Lakini haina kina kirefu: kwa wastani metre karibu 100 tu, wakati ziwa Tanganyika linashuka mpaka 1 470. Kila mwaka wakati wa baridi, barafu inafunika maji yale.

Henry Hudson alikuwa Mwingereza. Wafanyabiashara wa wakati ule walitafuta njia fupi ya kwenda Asia kwa kupitia kaskazini. Mwaka wa 1607 na 1608 Hudson alijaribu, barafu ikamrudisha. Mwaka wa 1609 Waholanzi wakamtuma, ndipo akapanda ule mto unaopita New York, ambao nao unaitwa Hudson.

Mwezi wa 4, 1610, akatoka London na masuwa yenye kuitwa Discovery. Mwezi wa 8 akaingia katika maji makubwa, akawaza njia ya Asia imefunguka. Akashuka kusini, akakuta paka inchi kavu. Mwezi wa 11 barafu ikafunga masuwa. Chakula kikapunguka, na watu wakamshuku kwamba anaficha kingine.

Mwezi wa 6, 1611, barafu ilipoachilia, wengi walitaka kurudia kwao. Wakamkamata Hudson, wakamtia katika mtumbwi mdogo pamoja na mtoto wake kijana, John, na watu wengine 7, wengi wao wagonjwa. Hawakuonekana tena. Waasi nao walipata shida njiani: watu 8 tu ndio walifika Uingereza. Mwaka wa 1618 wamoja wakasambishwa, wakaachiliwa.

Jina likabakia kwenye ramani. Mwaka wa 1670 mfalme Charles II akaipa Hudson's Bay Company haki ya biashara katika inchi zote ambazo mito yake inamwanga maji ndani ya ghuba. Biashara yenyewe ilikuwa ya ngozi za nyama wa pori.

Wakree na Wainuit waliishi pale zamani sana mbele ya Hudson, na walikuwa na majina yao. Wakaaji wa Ituri wanajua mambo sawa hayo: lac Albert ilipewa jina mwaka wa 1864 na Mwingereza Samuel Baker, kwa kumkumbuka bwana wa malkia Victoria. Albert hakuona ziwa lile hata siku moja. Hudson, yeye, alipotelea katika maji yake.