Helen Keller na Karatasi ya Aljebra

Helen Keller, yule Mmarekani asiyeona wala kusikia, wengi tunamjua kwa kisa cha bomba la maji na mwalimu wake Anne Sullivan. Mimi namkumbuka kila UE ikikaribia, kwa mitihani yake ya kuingia chuo cha Radcliffe.

Ya kwanza, 1897, ilienda poa. Alipewa chumba cha peke yake, maana taipureta yake ingewasumbua wenzake, na mkuu wa shule yake, Arthur Gilman, akamsomea maswali kwa herufi za vidole kiganjani. Alifaulu yote.

Kasheshe ikaja Juni 1899. Sullivan hakuruhusiwa kumsomea. Maswali yakanakiliwa kwa nukta nundu za Kimarekani na mtu mgeni kwake. Kwa lugha, sawa. Lakini alama za hesabu alizozizoea zilikuwa za mfumo wa Uingereza! Aligundua hilo siku mbili tu kabla ya mtihani. Akahangaika na alama mpya, na hadi usiku wa kuamkia aljebra mabano na alama za vipeuo vilikuwa bado vinamchanganya. Hapo swali lenyewe hajaligusa. Sasa wale wanaosema dakika za nyongeza ni upendeleo, wangemhesabia vipi muda huo?

Alifaulu, akaingia chuo 1900, akahitimu kwa heshima 1904. Kwenye kitabu cha maisha yake aliwaandika wakubwa wa chuo kwa upole tu, kwamba hawakujua walivyomkazia. Mimi nisingekuwa mpole hivyo.