Rumanyika na Simba wa Karagwe

Hapo zamani nchi ya Karagwe, iliyo magharibi ya ziwa Nyanza, ilitawaliwa na mfalme Ndagara, naye alikaa Bweranyange. Alipokufa aliacha wana watatu waliogombea kiti chake: Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Wazee wakaweka mbele yao ngoma ndogo iliyotiwa dawa, ambayo yasemekana hakuna awezaye kuiinua ila mrithi wa haki. Wawili wakajaribu wasiweze. Rumanyika akaiinua kwa kidole kimoja, kana kwamba ni unyoya.

Watu wa Karagwe waliamini kwamba wafalme wao si kama watu wengine. Walisimulia habari za Ruhinda, babu yake Rumanyika, kwamba aliishi miaka mingi mno, hata akamhurumia mwanawe Ndagara aliyekuwa akingoja kutawala, basi akanywa dawa ili afe. Maiti yake ikapelekwa mlimani, na katika moyo wake akatoka mwana-simba, akaulinda mlima ule. Kwake wakazaliwa simba wengine wengi, nao wakamtii Ndagara. Hata watu wa nchi za kaskazini walipokuja kupigana naye, Ndagara hakukusanya askari. Aliwaita simba wake, wakawafagia adui wote. Na maiti ya Ndagara mwenyewe, walisema, ilitoa mabuu, na katika hayo mmoja akageuka simba na mmoja chui. Simba hazaliwi moyoni mwa mtu, ni kweli. Lakini hofu ya hadithi ile ilikuwa ukuta wa nchi.

Rogero, lakini, hakuogopa. Alikataa hukumu ya ngoma, akaondoa vita juu ya ndugu yake. Hapo hatusikii habari za simba. Aliyemwokoa Rumanyika ni Musa Mzuri, tajiri Mhindi wa Tabora, aliyekuja na watu wenye bunduki. Rogero akashindwa. Tangu siku hiyo akawapenda wageni watokao pwani.

Kwa hiyo Waingereza wawili, Speke na Grant, walipofika Bweranyange mwezi wa Novemba mwaka 1861, aliwapokea kwa furaha, akawauliza mambo mengi ya dunia. Ndiye aliyemsimulia Speke hadithi ya simba, naye mwenyewe aliisadiki. Kila mwezi ulipoandama, ngoma zilipangwa safu moja mbele ya nyumba yake, na wakubwa wa nchi wakaja kuonyesha utii wao. Pengine alikuwa akihesabu ni nani asiyekuja.

Mwezi wa Januari 1862 Speke alishika njia ya Buganda. Grant alikuwa na donda baya la mguu, hawezi kutembea, akabaki mikononi mwa Rumanyika hata mwezi wa Aprili. Mfalme hakumwibia kitu wala hakumfukuza, ingawa mgonjwa yule hakuwa na faida kwake.

Mwaka 1876 akaja Stanley. Rumanyika, ambaye sasa alikuwa mzee, mrefu kuliko watu wote waliomzunguka, akampa viongozi wa kumpeleka Mtagata, kwenye chemchemi za maji ya moto ambazo leo zimo katika wilaya ya Kyerwa, ambako wagonjwa walikwenda kuoga. Yapata miaka miwili baadaye Rumanyika akafa, na ugomvi wa kurithi kiti ukaanza tena.