Nusu ya somo la Keynes tuliyoisahau

Mwanafunzi yeyote aanzaye kusoma uchumi wa taifa hafiki mbali kabla ya kukutana na jina la John Maynard Keynes. Aghalabu hufundishwa jambo moja tu juu yake: kwamba uchumi ukizorota, serikali na ikope, itumie. Hiyo ni nusu ya somo. Nusu ya pili tumeisahau, na usahaulifu huo umetugharimu.

Keynes alizaliwa Cambridge, Uingereza, tarehe 5 Juni, 1883. Babake alikuwa mtaalamu wa uchumi, naye mamake alikuja kuwa meya wa mji huo. Alisomea hisabati, kisha mwaka 1906 akaajiriwa katika ofisi ya London iliyosimamia utawala wa India. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alihudumu katika Wizara ya Fedha, na mwaka 1919 akahudhuria mkutano wa amani mjini Paris. Huko aliona mataifa yaliyoshinda yakiidai Ujerumani fidia ambayo, kwa hesabu zake, haikuweza kulipika. Alijiuzulu, akaandika kitabu kuonya kwamba kuifukarisha Ujerumani kungeidhuru Ulaya nzima.

Mwaka 1925 Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa fedha, aliirejesha pauni kwenye thamani ya dhahabu iliyokuwa nayo kabla ya vita. Keynes alipinga, akisema bidhaa za Uingereza zingekuwa ghali ng'ambo na mzigo ungewaangukia wafanyakazi. Mwaka uliofuata, wachimba makaa ya mawe walipotakiwa kukubali ujira mdogo, nchi nzima ilikumbwa na mgomo.

Kisha ukaja mdororo mkuu ulioanza mwaka 1929. Kufikia 1933, takriban mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Wataalamu wengi walishauri subira, wakiamini kwamba soko lingejitibu lenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 1936 kuhusu ajira, riba na fedha, Keynes alieleza kwa nini subira haikutosha. Kila familia inapobana matumizi kwa hofu, duka hukosa wateja; duka likikosa wateja, kiwanda hupunguza wafanyakazi; nao wasio na mshahara hawanunui. Lililo busara kwa mtu mmoja huwa balaa likifanywa na wote. Hapo ndipo serikali hupaswa kujenga barabara, kupunguza kodi na kushusha riba, hata kama bajeti itakuwa na nakisi kwa muda.

Lakini hakuishia hapo. Mwaka 1937, uchumi wa Uingereza ulipopata nguvu, aliandika gazetini kwamba wakati wa neema ndio wakati wa Hazina kubana matumizi. Vita vya pili vilipozuka, aliona kwamba pesa nyingi mifukoni na bidhaa chache madukani zingezua mfumko wa bei. Hivyo mwaka 1940 alipendekeza sehemu ya mishahara izuiliwe na kurejeshwa baada ya vita. Serikali ilikubali sehemu ya mpango huo.

Mwaka 1944 aliongoza ujumbe wa Uingereza huko Bretton Woods, Marekani, ambako mataifa 44 yaliasisi Shirika la Fedha Duniani na Benki ya Dunia. Alifariki tarehe 21 Aprili, 1946, moyo ukiwa umemlemea.

Sisi Wakenya tunayajua mashirika hayo mawili vyema, kwani tulijiunga nayo mwaka 1964. Hata hivyo, fikira za mwasisi wake hatujazishika kikamilifu. Mwaka 1993, baada ya fedha nyingi kumwagwa nchini wakati wa uchaguzi wa 1992, mfumko wa bei ulifikia takriban asilimia 46. Aliyeumia zaidi ni yule ambaye mshahara wake haukupanda pamoja na bei ya unga, mwalimu akiwa mmojawapo.

Walimu wetu basi na wazifundishe nusu zote mbili. Keynes hakuihalalishia serikali kukopa kila msimu. Aliipa dawa ya ugonjwa maalumu, na kipimo chake. Anayekopa wakati wa kiangazi, kisha akakopa tena wakati wa mavuno, atalipa lini?