Keith Johnston (mchora ramani)

Alexander Keith Johnston (Edinburgh, Uskoti, 24 Novemba 1844 – Behobeho, leo nchini Tanzania, 28 Juni 1879) alikuwa mchora ramani na mwanajiografia wa Uskoti. Katika ujana wake alihama kutoka meza moja ya kuchorea hadi nyingine, kisha akaacha kuchora maziwa ya Afrika kwa habari za wengine na kwenda kuyatafuta mwenyewe. Alifariki njiani akiwa na umri wa miaka 34, kabla hajaona hata ziwa moja kati ya yale aliyokuwa ameyachora.

Asichanganywe na baba yake mwenye jina hilohilo (1804–1871), ambaye mara nyingi ndiye anayetajwa katika vitabu vya historia ya ramani.

Kuzaliwa ndani ya kazi

Baba yake na baba yake mkubwa William walikuwa na kampuni ya W. & A. K. Johnston mjini Edinburgh, mojawapo ya kampuni kubwa za ramani nchini Uingereza wakati huo. Atlasi zao zilitumika mashuleni na maofisini, na baba alikuwa na cheo cha mwanajiografia wa Malkia kwa upande wa Uskoti. Kijana alisoma mjini humohumo, na kazi ya mikono akafundishwa na baba yake.

Wakati ule kazi hiyo ilihitaji subira nyingi. Mchoraji alipokea barua na madaftari ya wasafiri yenye vipimo vya dira, latitudo zilizopatikana kwa kupima jua au nyota, na hesabu za mwendo wa siku. Akavioanisha juu ya karatasi, akiamua nani wa kuaminiwa pale wasafiri wawili walipopingana. Mchoro ulipokamilika ulipelekwa kwa mchongaji, aliyeuchonga kinyume juu ya bamba la shaba, au ulihamishiwa kwenye jiwe la kuchapia. Kosa la mchoraji lilichapwa kwa mamia ya nakala na kuning'inizwa ukutani kana kwamba ni kweli.

Kutafuta kazi nje ya nyumba

Mtoto wa mwenye kampuni hakulazimika kutafuta kazi, lakini Johnston hakubaki nyumbani. Mwaka 1866, akiwa bado hajatimiza miaka 22, aliingia London katika nyumba ya ramani ya Edward Stanford, ambayo kibiashara ilikuwa mshindani wa baba yake. Huko alisimamia uchoraji wa ramani. Hakukaa sana. Alikwenda Ujerumani kuendelea na masomo, kwa kuwa wanajiografia wa Kijerumani ndio waliosifika kuliko wote kwa kuchambua habari za safari na kuzigeuza ramani. Mwaka 1869 alirudi London kusimamia idara ya jiografia katika tawi la kampuni ya familia.

Kwa hiyo katika muda wa miaka mitatu alikuwa ameonja kazi ileile katika nyumba ya mgeni, katika nchi ya mabingwa na katika tawi la baba yake. Njia hiyo ilimfaa. Vijana wengi wa fani hiyo walizeeka kwenye meza moja, wakinakili mistari iliyoamuliwa na wengine.

Ramani ya maziwa

Mwaka 1870 alitoa ramani ya eneo la maziwa ya Afrika Mashariki pamoja na maelezo. Ilikuwa kazi ya kuthubutu, kwani wataalamu walikuwa bado wakibishana vikali. Miaka 14 tu nyuma yake, wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann walikuwa wametangaza ramani iliyotokana na habari za wafanyabiashara wa pwani, na ndani yake maziwa yote makuu yalikuwa bahari moja ndefu ya bara. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858 na kuonyesha kwamba Tanganyika ni ziwa peke yake. Hata hivyo walirudi bila kuuona mwisho wake wa kusini, na hakuna aliyejua maji yake yanatokea wapi. Livingstone alifika kusini mwaka 1867 kwenye maji yaliyoitwa Liemba, asiwe na hakika kama ni ziwa lingine au ni Tanganyika hilohilo.

Mchoraji aliyekaa London hakuwa na njia ya kukata shauri hilo. Aliweza tu kuchora mstari wa nukta pale alipokosa hakika. Pwani ya mashariki ya ziwa hilo, zilipo leo kata za Karema, Ikola na Kapalamsenga katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, ilijulikana Ulaya kwa vipande tu. Bara lake lilijulikana kidogo zaidi, na Ziwa Rukwa lilikuwa jina la kusikia.

Haikuwa hivyo kwa watu wa huko. Misafara ya pwani na ya Wanyamwezi ilikuwa imezoea njia za nchi hizo, na wavuvi waliijua kila ghuba. Ujuzi huo ulifika London baada ya kupita midomo na lugha nyingi, na mara nyingi bila jina la aliyeutoa.

Paraguay

Baba alifariki mwaka 1871. Miaka miwili baadaye Johnston alipata nafasi ya kwanza ya kupima nchi badala ya kuichora tu. Alijiunga na tume ya upimaji nchini Paraguay, nchi iliyokuwa imevunjwavunjwa na vita vya 1864–1870. Alikaa katika kazi hiyo hadi 1875. Aliporudi aliandika vitabu vya jiografia, kikiwemo kikubwa kuhusu Afrika kilichotolewa mwaka 1878 na Stanford, yaani mwajiri wake wa ujanani.

Mwaka huohuo Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilitafuta kiongozi wa msafara wa kupima njia kati ya Dar es Salaam na ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Johnston akachaguliwa. Alikuwa na sifa zote isipokuwa moja: hakuwahi kukanyaga Afrika.

Msaidizi wake alikuwa kijana mwingine mtafuta kazi, Joseph Thomson, mwana wa fundi mawe wa Penpont, kusini mwa Uskoti, aliyekuwa ametoka tu kusoma jiolojia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Thomson alikuwa na umri wa miaka 20 na hakuwa na jina wala ukoo wa kumtetea. Aliajiriwa kama mwanajiolojia na mtaalamu wa viumbe. Upimaji wa njia ulibaki kazi ya Johnston.

Zanzibar na safari ya bara

Waliondoka Uingereza Novemba 1878 na kufika Zanzibar Januari 1879. Hapo Johnston alifanya uamuzi ambao ndio uliookoa msafara baadaye: alimwajiri Chuma kuwa mkuu wa wapagazi. Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani utotoni, alikuwa pamoja na Susi miongoni mwa waliobeba mwili wa Livingstone hadi pwani baada ya kifo chake mwaka 1873. Mwaka mmoja kabla ya kifo hicho alikuwa ametembea na Livingstone kutoka Tabora hadi ufukwe wa mashariki wa Tanganyika, kisha kusini kupitia Ufipa. Kwa maneno mengine, mkuu wa wapagazi alikuwa amekwisha kuiona kwa macho nchi ambayo mkuu wa msafara alikuwa ameichora kwa kalamu.

Baada ya safari fupi ya majaribio huko Usambara, msafara wa watu wapatao 150 uliondoka Dar es Salaam tarehe 19 Mei 1879. Mji wenyewe ulikuwa umedorora tangu kifo cha Sultani Majid mwaka 1870. Walielekea kusini-magharibi kupitia Uzaramo hadi bonde la Rufiji, nchi yenye maji na matope baada ya masika.

Johnston aliugua mapema. Kuhara damu kulimdhoofisha hata akashindwa kutembea, akawa anabebwa na wapagazi. Walipofika Behobeho hakuweza kuendelea tena, na tarehe 28 Juni alifariki. Alizikwa hukohuko chini ya mti. Ilikuwa chini ya wiki sita tangu kuondoka Dar es Salaam.

Behobeho iko ndani ya iliyokuwa Pori la Akiba la Selous. Frederick Selous, mwindaji ambaye pori liliitwa kwa jina lake, naye aliuawa Behobeho Januari 1917 katika Vita Vikuu vya Kwanza.

Ramani iliyokamilishwa na wengine

Thomson, aliyekuwa ametimiza miaka 21 Februari iliyopita, angeweza kurudi pwani bila kulaumiwa. Aliamua kuendelea, na Chuma akaushika msafara. Walipita Mahenge na Uhehe, wakafika Ziwa Nyasa mwezi Septemba na ncha ya kusini ya Tanganyika mwanzoni mwa Novemba. Thomson alikwenda kuutazama mto Lukuga upande wa magharibi, akaona unatiririka kutoka ziwani. Cameron alikuwa amesema hivyo mwaka 1874, lakini Stanley, aliyelizunguka ziwa mwaka 1876, hakuona mto wenye mkondo wa kutoka. Swali lililowasumbua wachoraji kwa miaka 20 likawa limekaribia kufungwa.

Mwaka 1880 alifika pia Karema, ambako Kapteni Ernest Cambier alikuwa ameanzisha kituo mwaka uliotangulia kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Thomson hakuvutiwa na mahali palipochaguliwa. Kutoka nchi za kusini mwa hapo aliliona Ziwa Rukwa, hivyo jina la kusikia likapata mahali kwenye ramani. Safari za nchi hizo hazikuwa salama kwa kila mtu: katikati ya mwaka huohuo Waingereza wawili waliokuwa wakirudi kutoka Karema, Carter na Cadenhead, waliuawa Mpimbwe, katika Katavi ya leo, katika mapigano yaliyohusisha majeshi ya Mirambo.

Msafara ulifika Bagamoyo Julai 1880. Thomson alitoa kitabu cha safari hiyo mwaka uliofuata, na baadaye jina lake likaenea kwa safari ya Umasaini. Swala tomi anaitwa kwa jina lake. Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882.

Kazi ya Johnston kama mpimaji barani Afrika haikupita sehemu ya kwanza ya njia, kutoka pwani hadi Behobeho. Wasifu wake kamili, ulioandikwa na James McCarthy, ulitoka mwaka 2004, miaka 125 baada ya kifo chake.