Habari za Sayyid Barghash bin Said

Aingiaye kanisa letu la Mkunazini husimama mahali palipokuwa na soko la watumwa. Aliyelifunga soko hilo ni Sayyid Barghash, nayo yafaa watoto wetu wajue habari zake.

Barghash alikuwa mwana wa Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1859 alimwasi nduguye, Sayyid Majid, akashindwa, maana Waingereza walimsaidia Majid. Akahamishwa kwenda Bombay. Baadaye akarudi, na Majid alipofariki mwaka 1870 akatawazwa yeye. Aliutengeneza mji, akaleta maji safi kutoka Chemchem, akajenga Beit el Ajaib.

Biashara ya watumwa hakupenda kuikomesha, kwa kuwa ilimletea ushuru, na wakubwa wengi waliitegemea. Lakini balozi Mwingereza, John Kirk, alimwonya kwamba manowari zitaiziba bandari. Basi tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi mkataba, na soko likafungwa. Siku ya Noeli mwaka ule ule likawekwa pale jiwe la msingi la kanisa.

Tangu hapo Sayyid aliwategemea Waingereza kama rafiki. Mwaka 1884 Mdachi Carl Peters alifanya mapatano na majumbe wa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Sayyid akalalamika, na Agosti 1885 manowari za Kidachi zikatia nanga mbele ya jumba lake. Aliwatazamia rafiki zake wamtetee, nao wakamshauri akubali. Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi wakagawana bara. Yeye akaachiwa visiwa, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na bandari chache za kaskazini. Akafariki Machi 1888.

Mwaka 1890 Unguja ikawekwa chini ya himaya ya Waingereza. Mwaka 1896 mwanawe, Khalid, akatwaa jumba pasipo idhini yao. Mizinga ikalipiga kwa muda usiotimia saa moja, na watu wapata 500 wakafa au kujeruhiwa.

Nanyi waalimu, msiwafundishe watoto kwamba ufalme ulianguka asubuhi ile moja. Ulikuwa umekwisha kupungua kwa mikataba, mmoja baada ya mwingine. Watauliza: je, waliolifunga soko si ndio waliochukua nchi? Wajibuni kwamba ndio hao, wala msifiche neno moja ili kulipamba la pili. Kisha wapelekeni Forodhani, wakaione bahari zilipotia nanga manowari zile.