Harold Rhodes: Mzee aliye ndani ya kinanda chako

Jumapili yoyote Njoro, pita nje ya kanisa lenye spika za maana, iwe mjini au kule karibu na Chuo Kikuu cha Egerton. Nyimbo za kasi zikiisha na watu wakianza kuabudu taratibu, mpiga kinanda hubonyeza kitufe kimoja na sauti inabadilika. Inakuwa laini, ya mviringo, kama kengele iliyofunikwa blanketi. Kwenye skrini ndogo imeandikwa E. Piano. Wengi wanaoipiga hawajawahi kuona chombo kilichoizaa sauti hiyo, na aliyekiunda hawamjui. Aliitwa Harold Rhodes.

Alizaliwa tarehe 28 Desemba 1910 huko San Fernando, California. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Southern California kusomea usanifu wa majengo, lakini uchumi ulipoporomoka aliacha masomo akafundisha piano ili nyumbani wapate riziki. Mimi pia niliacha chuo, kwa hivyo jamaa alinikosha kabla hata sijafika kwenye muziki wake. Hakutaka mwanafunzi akae miaka akikariri noti. Alichanganya muziki wa kiklasiki na jazi, mtu aanze kubuni vyake mapema. Mbinu ilishika, akafungua shule yake.

Weka akilini kwamba huyu alikuwa mwalimu. Fundi alikuja baadaye.

Vita vya Pili vya Dunia vilipochacha, mwaka 1942, aliingia katika jeshi la anga la Marekani. Hospitalini kulikuwa na wanajeshi waliojeruhiwa, wengine hata kuketi ni shida, sembuse kutembea hadi kwenye piano. Na piano haipandi kitandani. Rhodes alichukua mabomba ya alumini ya mabawa ya ndege za kivita aina ya B-17, akayakata, akaunda kinanda cha vibao 29 ambacho mgonjwa angekiweka mapajani. Hakikuwa na waya wala spika. Nyundo ndogo zinagonga mabomba, basi. Maelfu ya majeruhi walijifunza muziki hivyo, wakiwa wamelala.

Vita vilipoisha alianzisha kampuni na kutoa Pre-Piano, kinanda cha vibao 38 chenye spika ndani yake, bado akiwalenga wanafunzi. Hakikuvuma sana. Mwaka 1959 akaungana na Leo Fender, yule wa magitaa. Fender hakuzipenda sauti za juu, kwa hivyo kilichouzwa kilikuwa upande wa besi pekee, vibao 32. Ray Manzarek wa The Doors alikipiga kwa mkono wa kushoto, na bendi haikuhitaji mpiga besi stejini. Ilibidi shirika la CBS linunue kampuni ya Fender mwaka 1965, kwa dola milioni 13, ndipo Rhodes kamili ya vibao 73 ikaingia sokoni.

Hebu tuifungue. Ndani hakuna nyuzi ndefu kama za piano ya kawaida. Ukibonyeza kibao, nyundo inagonga kijiti chembamba cha chuma kilichoungwa na kipande kizito cha chuma juu yake. Viwili hivyo hutetemeka kama uma wa meno mawili yasiyolingana, na ndiyo maana sauti haifi haraka. Lakini ni sauti ndogo, huisikii hadi uinamie chombo. Mbele ya ncha ya kijiti kuna pikapu. Si ile ya kubeba viazi kutoka Molo, ni ile ya gitaa: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Kijiti kikicheza mbele yake, umeme kidogo unazaliwa kwenye waya na amplifaya inaukuza.

Utamu wote uko pale kwenye ncha. Bonyeza kwa upole, kijiti kinacheza kidogo na unapata kengele safi. Gonga kwa nguvu, kijiti kinayumba mbali na sumaku, umeme unapindika, na sauti inakwaruza, karibu ibweke. Kutoka kengele hadi kubweka hakuna ngazi, ni mteremko mmoja. Na ukisogeza pikapu kidogo tu, tabia ya chombo inabadilika. Rhodes mbili hazilii sawa.

Herbie Hancock alianza kuipiga mwaka 1968 akiwa na Miles Davis. Miaka ya 1970 ikawa yake: jazi, soul, funk, kila mahali. Shida ilikuwa uzito. Ile ya kubebwa stejini, iliyotoka 1970, ilikaribia kilo 60.

Halafu 1983 Yamaha wakaleta DX7, kinanda ambacho mtu mmoja anakwapua na kuondoka. Hakikuwa na nyundo wala kijiti. Kilitumia hesabu zilizobuniwa na John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, wimbi moja likilitikisa jingine hadi sauti kama ya kengele itoke. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Rhodes ilikuwa imeacha kutengenezwa.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Mwaka 1987 jina la Rhodes liliuzwa kwa Roland wa Japani, nao 1989 wakatoa piano za kidijitali zenye jina lake ubavuni. Mzee hakuzikubali hata kidogo. Fikiria jina lako liko kwenye kitu ambacho wewe mwenyewe hukitambui. Alilirudisha jina mwaka 1997, akitamani kuunda tena ile ya vyuma, lakini afya haikumruhusu. Alifariki tarehe 17 Desemba 2000, siku 11 kabla ya kutimiza miaka 90.

Mwaka uliofuata Nord Electro ilitoka Sweden. Hii ilirekodi chombo chenyewe, ikahifadhi sauti halisi. Njia hii inasikika vizuri, ila ule mteremko unakatwakatwa kuwa ngazi: rekodi ya upole, ya wastani, ya nguvu. Ngazi zikiwa chache, sikio linazigundua. Njia ya pili hairekodi sauti. Programu inakokotoa nyundo imegonga vipi, kijiti kimeyumba kiasi gani, sumaku iko wapi, kila unapobonyeza. Hapo mteremko unarudi. Watengenezaji wengine huongeza hata mlio wa kibao kikirudi juu na vijiti vilivyopotoka kidogo, kasoro ambazo zamani fundi alilipwa aziondoe.

Kwa hivyo ukienda Nakuru kutafuta kinanda cha mkono wa pili, usidanganywe na wingi wa sauti 600 zilizoandikwa kwenye boksi. Chagua E. Piano, zima mwangwi wote, kisha gonga kibao kimoja mara kumi, ukianza kwa upole na kuongeza nguvu kidogo kidogo. Ikiwa sauti inapanda tu bila kubadilika rangi, au inaruka ghafla katikati, mwambie muuzaji apunguze bei.